Mizizi ya Kando

Kila Jumapili, baada ya misa ya pili, Maman Cibalonza aliketi barazani kwenye kiti chake cha mbao, akaweka mikono magotini na kungoja chakula cha wakamwana wake. Hakuwa mgonjwa, wala nguvu za kupika hazikumwishia. Ni utaratibu aliouweka mwenyewe tangu mtoto wake wa kwanza alipooa. Mkamwana alileta sahani, mama mkwe alikula, kisha sahani ikarudi kwa mwenyewe. Ikirudi imeoshwa, chakula kilikuwa chakula tu. Ikirudi haijaoshwa, na tonge moja limebakizwa ukingoni, mpishi alijua kwamba amempendeza.

Kwa miaka kumi na mmoja Eulalie, mke wa Edouard, alikuwa mkamwana peke yake katika kiwanja kile cha Cimpunda, mjini Bukavu, na tonge lile alilizoea kama mtu anavyozoea kusalimiwa. Halafu akaja Larissa. Alikuwa mke wa Destin, mdogo wake Edouard, na alikimbia vita kule Minova akiwa na mifuko miwili na godoro lililokunjwa. Destin alimwacha kwa mama yake akateremka Kamanyola kutafuta kazi. Tangu hapo sahani za Jumapili zikawa mbili.

Jumapili hiyo ya mwezi wa pili Eulalie alileta kuku, na Larissa akaleta sambaza, vile visamaki vya ziwani. Maman Cibalonza alionja kuku, akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha akachovya bugali kwenye sambaza, akatafuna, akachovya tena, na tena, bila kunyanyua macho.

"Umeweka nini ndani ya hizi samaki?" aliuliza hatimaye.

"Céleri, mama, na citronnelle kidogo," Larissa alijibu kwa sauti ndogo. "Nilifunga majani na uzi, nikayatosha inje mbele ya kuepua."

"Citronnelle si ni ya chai?" Eulalie aliuliza.

"Kwetu Minova tunawekaka, yaya," alisema Larissa, ambaye alimwita hivyo, yaani dada mkubwa.

Edouard, ambaye hakuwa amekaribishwa, alinyoosha mkono akachukua sambaza tatu kwa mkupuo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alikuwa nayo, akamgeukia mkewe. "Aka! Mama Gloire, onja basi. Hii inanukia ziwa bila matope."

Eulalie alicheka pamoja nao. Alicheka zaidi ya wote. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa nyumba ya wageni ya masista kule Nguba, kando ya ziwa. Yeye ndiye ambaye mtaa mzima ulimwita Maman Chef. Tena ndiye aliyemwombea Larissa kazi ya kuosha vyombo katika jiko hilo hilo, kwa sababu Edouard alimsihi. Na sasa mume wake alikuwa akilamba vidole vyenye mafuta ya mwanamke mwingine.

Sahani zilirudi. Ya Larissa ilikuwa na tonge. Ya Eulalie ilikuwa safi, inang'aa, ina harufu ya sabuni.

Hapo ndipo Larissa, kwa furaha ya tonge lake la kwanza, alipofanya kosa la kuomba. "Yaya, nilikuwa nataka kukuomba kitu. Ile estragon yako. Siwezi kupata mbegu yake?"

"Haizai mbegu," Eulalie alisema. "Inagawanywa muzizi."

"Basi mugawie," alisema Maman Cibalonza huku akifuta mdomo. "Beseni imeshajaa. Majani yake inatoka mpaka inje kama nywele za mwenda wazimu. Mugawie mwenzako."

Mbele ya mama mkwe, mbele ya mume, ungesema nini?

~

Estragon ile ilikuwa kwenye beseni la zamani la bati, lililotobolewa chini, karibu na mlango wa jiko la Eulalie. Alipewa na Soeur Georgette, sista mzee aliyemfundisha kupika, mwaka ambao sista huyo alirudi kwao Bruxelles. Majani yake ni membamba kama majani ya mtama mchanga. Ukilitafuna moja, ulimi unakufa ganzi kidogo, kisha unakuja utamu ambao mtu wa Bukavu hana jina lake. Kwenye soko la Kadutu ungepata thym, persil, basilic, hata romarin. Estragon hapana. Eulalie alikuwa hamjui mtu mwingine mjini aliyekuwa nayo.

Jumatatu, kabla ya kazi, alipindua beseni. Udongo ulitoka mzima, mviringo. Katikati kulikuwa na fundo nene la mizizi, gumu, la rangi ya kahawia, kubwa kama ngumi. Pembeni kulikuwa na vijizi vyeupe, vyembamba, vinavyojikunja kama minyoo. Eulalie alizaliwa Walungu, kwenye mabonde ya mateke, yaani magimbi, na mkono wake ulijua kazi hiyo bila kufikiri: kile kichwa kikubwa cha katikati ndicho unachokirudisha ardhini, ndicho chenye nguvu, vidogo vya pembeni unapikia watoto, au unampa jirani ambaye humpendi sana.

Alikata vya pembeni. Fundo la katikati alilirudisha kwenye beseni, akalifunika kwa mbolea mpya, akalibana kwa viganja vyote viwili.

"Hii hapa," alimwambia Larissa, akimpa vijizi vile ndani ya mfuko wa plastiki.

Larissa alipokea kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. "Aksanti sana, yaya. Na ya kupika? Inaingia wakati gani?"

Eulalie hakuwa amepanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe, laini, kama maziwa yanavyofurika ukigeuza shingo.

"Mwanzo kabisa. Pamoja na vitunguu. Halafu unaiacha ichemke sana, sawa vile tunachemshaka majani ya sombe. Masaa mawili. Bila vile inakuwa sumu ya tumbo."

"Masaa mawili," Larissa alirudia, kama mwanafunzi.

Eulalie alishuka kilima kwenda kazini akiwa na moyo mwepesi. Alipofika Nyawera wepesi ule ulikuwa umeisha. Alijiambia kwamba ni majani tu.

~

Tangu ndege ziache kutua Kavumu, wageni wa nyumba ya masista walipungua. Zamani vyumba kumi na vinane vilijaa watu wa mashirika, madaktari, mapadri wa kupita. Sasa vilikaliwa vinne, mara nyingine vitatu. Papa Télesphore, msimamizi wa nyumba, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliingia jikoni mwezi wa tatu na kusimama katikati, kati ya Eulalie aliyekuwa kwenye jiko na Larissa aliyekuwa kwenye sinki.

"Ba maman, sitaficha. Tutabaki na mutu moja mu jikoni. Moja tu."

"Papa, mimi niko hapa tangu miaka kumi na moja," Eulalie alisema.

"Najua, Maman Chef. Lakini mutu wa chumba ya sita aliniuliza juzi nani alipika ile supu yenye majani. Ulikuwa umeenda kwa maziko. Ilikuwa huyu." Aliinua kidevu kuelekea sinki. "Ni nini uliweka, maman?"

"Poireau na basilic, papa. Ilikuwa imebaki tu," Larissa alisema bila kugeuka.

"Imebaki tu! Mutu amekula sahani tatu." Télesphore alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Bon. Soeur Georgette anakuya mwezi wa tano, kupitia Kigali. Atataka kuku yake ya estragon. Maman Eulalie atapika. Kisha pale tutaamua."

Alipotoka, Larissa alifunga maji ya sinki.

"Yaya, mimi sikuomba," Larissa alisema.

"Nani amesema umeomba? Osha sahani."

Tangu siku hiyo Eulalie alianza kuona mambo. Aliona jinsi Larissa alivyokata persil bila kuiponda, kisu kikienda kama mtu anayeandika. Aliona mlinzi wa geti akimwekea Larissa machungwa. Nyumbani aliona kwamba Edouard, akitoka shuleni, alikuwa akiuliza "Leo mumekula nini?" akiangalia upande wa mlango wa mama yake. Huenda aliangalia upande huo miaka yote. Ndiko kulikokuwa na kivuli. Lakini Eulalie alihesabu kila mara.

Na aliona sufuria. Larissa alikuwa amepanda vile vijizi kwenye sufuria kuukuu isiyo na mkono, akachanganya udongo na changarawe ya barabarani, akaiweka juu ya mawe matatu chini ya paa la Maman Cibalonza, mahali ambapo mvua haikufika. Wiki tatu hakukutokea kitu. Eulalie alipita pale kila asubuhi na kila jioni, akitazama udongo mtupu kwa utulivu mkubwa. Wiki ya nne likatoka chipukizi moja, jembamba kama sindano. Baada ya Pasaka zilikuwa sindano thelathini. Alizihesabu pia.

~

Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa mbaya. Huko Cimpunda ukuta wa jirani ulianguka, na maji yalipita uani siku tatu mfululizo yakiwa mekundu. Beseni la Eulalie lilikaa wazi, nje, limeshiba maji. Majani yalianza kuwa ya njano kutoka chini. Aliongeza mbolea. Yakawa meusi. Akaongeza maji, akidhani kwamba mbolea imeyachoma.

Siku nne kabla ya karamu ya Soeur Georgette alivuta shina moja na likatoka bila upinzani, kama jino la mzee. Alichimba kwa vidole. Lile fundo nene alilolibana kwa viganja vyake lilikuwa limekuwa uji, na lilinuka kama gunia la viazi vilivyosahauliwa.

Edouard alimkuta amechuchumaa, mikono imejaa matope.

"Imekuwa nini?"

"Imeoza."

"Basi weka hata basilic. Kuku ni kuku."

"Edouard, wewe unafundisha hesabu. Mutoto akiandika tano pahali pa saba, unamwambia namba ni namba?"

Edouard alichuchumaa kando yake. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio uliochoma: "Lakini si Larissa anayo?"

"Usinitajie ile jina."

"Mama Gloire, ni mukamwana mwenzako. Amekufanyia nini?"

Eulalie alifungua mdomo ili ataje aliyofanyiwa, na akaona kwamba hakuna hata moja linaloweza kusemwa kwa sauti. Sambaza? Tonge? Machungwa ya mlinzi? Alinyanyuka na kumwaga beseni lote kwenye mtaro, kwa kishindo, ili angalau kishindo kimjibu mumewe.

~

Asubuhi, siku moja kabla ya karamu, Eulalie alivuka ua. Larissa alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, na Maman Cibalonza yuko kwenye kiti chake, anaota jua.

"Larissa, uko na sabuni?"

"Iko, yaya." Akampa.

Eulalie alirudi kwake, akakaa na sabuni mkononi. Akavuka tena.

"Uko na kibiriti?"

"Iko, yaya."

Mara ya tatu aliuliza kama kuna chumvi, na Maman Cibalonza akagonga fimbo chini. "Mama Gloire! Leo utahamisha nyumba yote? Sema unatafuta nini."

Kuku mmoja alipita kati yao. Eulalie alimngoja apite.

"Estragon yangu imekufa."

"Nilijua, yaya," Larissa alisema. "Nilisikia ukiimwaga."

"Kesho ni Soeur Georgette."

"Najua."

Larissa aliendelea kuchagua maharage, akatoa jiwe, akatoa jingine. Hakuwa na hasira usoni. Eulalie angependa awe nayo; hasira angeijibu.

"Kata yenye unataka. Hata yote, itaota tena. Lakini, yaya, mbele ya vile, unifundishe. Inaingia wakati gani?"

Eulalie alitazama ungo.

"Ulinifundisha niiweke na vitunguu, masaa mawili. Nilifanya vile mara tatu. Mama alikula, hakusema kitu."

"Nilifikiri ni dawa ya minyoo," alisema Maman Cibalonza.

"Mara ya ine nilisahau, nikaitia wakati nimeshaepua. Nyumba yote ikanukia. Pale nikaelewa."

"Ukaelewa nini?"

"Kwamba ulisahau kuniambia."

Alisema *ulisahau*. Angeweza kusema neno lingine, na wote watatu walilijua. Eulalie alihisi joto likipanda shingoni, na ndani ya aibu ile ile ukapanda tena wivu, kwa sababu hata kumsamehe mtu Larissa alijua kufanya kama alivyokata persil, bila kuponda.

"Inaingia mwisho," Eulalie alisema, akiangalia chini. "Nusu unakata ndogo-ndogo, unatia ndani ya crème ya maziwa wakati moto umepungua. Nusu ingine unarushia juu, mbichi, wakati sahani inatoka. Haichemki hata mara moja."

"Aksanti, yaya." Larissa alinyanyuka, akaleta kisu. "Kitu moja tu. Papa Télesphore akiuliza, utamwambia iko yangu? Anitambue tu. Sikatai wewe ubakie na kazi. Lakini akijua, labda atanitafutia pahali ingine, kwa masista wengine."

"Nitamwambia."

"Mbele ya Soeur?"

"Mbele ya Soeur," alisema Eulalie, na wakati akisema alikuwa anamaanisha.

~

Siku ya karamu jiko la Nguba lilikuwa safi kama altare. Eulalie alikaanga vipande vya kuku sita kwenye siagi mpaka ngozi ikawa ya dhahabu. Akaviweka kando, akalainisha vitunguu, akamwaga divai nyeupe kidogo, akarudisha kuku, akafunika. Alipoona nyama inaachana na mfupa, alitia crème na kijiko cha moutarde, ile haradali, akapunguza moto. Larissa alikuwa kando yake na kifungu cha majani, ananyofoa, anakata, anampa. Hawakusemezana, lakini mikono yao ilijua kupokezana. Saa ile ilipoingia estragon ndani ya mvuke, wote wawili walivuta pumzi kwa pamoja, na kwa dakika moja Eulalie alisahau kumchukia.

Baada ya chakula Soeur Georgette alikuja jikoni mwenyewe, akiegemea fimbo, mdogo kuliko alivyokumbukwa, na Papa Télesphore nyuma yake.

"Eulalie! Mutoto yangu! Nimekula kama padri."

Wakakumbatiana. Sista alikuwa na harufu ya dawa na ya nguo za safari. Alichukua jani moja lililobaki kwenye ubao, akalitafuna, akafumba macho.

"Ngoja niungame, nimeshazeeka. Unakumbuka siku nilikupa hii? Nilikupa ya kando, ile mibaya. Ile moyo ya katikati, minene, niliificha mu valise ya safari. Nilikuwa na wivu, mutoto yangu! Nilisema: mimi nimeilea, sasa itabakia kwa huyu musichana, bageni batasifu yeye. Nikafika Bruxelles, wiki mbili, imeoza! Mutu wa bustani akanicheka. Anasema, ma soeur, ile ya katikati ni nzee, inatupwaka. Ya kando ndiyo inaishi."

Alicheka mpaka akakohoa. Télesphore alicheka. Larissa, aliyekuwa ameshika rundo la sahani zilizolowa, hakucheka. Alimtazama Eulalie, mara moja tu, kisha akatazama sakafu.

"Kwa hiyo hii ya leo ni ile ile ya Soeur?" Télesphore aliuliza, akifuta miwani. "Nilitafuta sokoni nikakosa. Iko ya nani, Maman Chef?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye sahani za Larissa. Toni, toni, toni. Jibu lilikuwa neno moja. Eulalie alilisikia liko tayari mdomoni. Kisha, kichwani mwake, akamwona Télesphore akigeuka kumtazama msichana wa sinki, akamwona Soeur Georgette akimshika mkono, *wewe pia, mutoto yangu*, akaiona sahani yake ya Jumapili ikirudi safi, inang'aa.

"Inatoka kwetu, papa," alisema.

Haikuwa uongo. Kiwanja kilikuwa kimoja.

"Kwetu," Soeur Georgette alirudia kwa furaha, na akampiga Eulalie shavuni taratibu, kama unavyompiga mtoto aliyepasi mtihani.

Larissa aliweka sahani chini, moja juu ya nyingine, bila kugonganisha hata moja.

~

Ijumaa Papa Télesphore aliwaita ofisini. Maman Eulalie alibaki. Maman Larissa alishukuriwa sana, akapewa bahasha na rozari ambayo Soeur Georgette alikuwa ameiacha kwa ajili yake. Destin alikuwa amepiga simu kwamba amepata kibarua kwenye mashamba ya mchele huko Kamanyola. Chumba ni kimoja na joto ni kali, lakini aje tu.

Jumapili wote wawili walipika. Larissa alileta sambaza, Eulalie akaleta sombe. Maman Cibalonza alikula sambaza polepole, na sahani ikarudi na tonge. Sombe hakuigusa. Sahani ya Eulalie ilirudi kama ilivyokwenda, imejaa, imefunikwa vizuri.

"Nimeshiba," mama mkwe alisema.

Jumatatu asubuhi, gari la Kamanyola likiwa linangoja abiria huko chini barabarani, Larissa alivuka ua na mfuko mdogo wa plastiki. Godoro lake lilikuwa limeshafungwa kamba.

"Yaya, nimeigawanya. Kule chini kwenye joto sijui kama itaishi, lakini nitajaribu. Hii ni yako."

Eulalie alipokea. Larissa akapiga goti dogo la kuaga na kugeuka. Edouard alijitwisha godoro begani, wakateremka pamoja, na sauti zao zikapotea nyuma ya ukuta ulioanguka.

Alipobaki peke yake, jambo la kwanza Eulalie alilofanya ni kufungua mfuko. Alitoa mzizi akauinua kwenye mwanga, akaugeuza upande huu na upande ule, kama mtu anavyokagua noti ya dola asipewe iliyochanika. Alitafuta lile fundo nene la kahawia. Larissa alikuwa amesimama pale jikoni. Alisikia yote aliyosema Soeur. Alijua sasa kipi kinaoza na kipi kinaishi. Eulalie aliugeuza tena, na tena. Alikuwa na uhakika kwamba limo.

Vilikuwa vijizi vyeupe, vyembamba, vinavyojikunja. Kimoja kilikuwa tayari na kijani chake. Vyote vilikuwa vya kando.

Alikaa navyo mkononi mpaka jua likafika mlangoni. Kisha akaenda barabarani akachota changarawe, akachanganya na udongo kama alivyoona ikifanywa. Alibeba beseni mpaka chini ya paa la mama mkwe, juu ya yale mawe matatu, akapanda, akalowesha kwa kiganja.

Maman Cibalonza alimtazama kutoka kwenye kiti chake bila kusaidia.

"Iko ya nani ile?"

"Ya Larissa," Eulalie alisema.

"Sema kwa nguvu. Masikio yangu imezeeka."

Upande wa pili wa mtaro, jirani alikuwa ameacha kutwanga, anasikiliza. Huko chini gari la Kamanyola lilipiga honi, likaondoka.

"Iko ya Larissa, mama," Eulalie alisema kwa nguvu.